Anayefuta Jina Ndiye Aendaye Wodini

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya wilaya. Ninataka kushuhudia jinsi watu wa vyeo mbalimbali, wanaogombea vitu vile vile vichache, walivyokaa wakakubaliana kupanga siku ya kesho, na jinsi makubaliano yale yalivyonibadilisha mimi katika kazi ambayo nilidhani ninaijua yote.

Mtu wa nje akisikia habari za upasuaji humwona daktari na kisu. Sisi tulio ndani tunajua kuwa kabla kisu hakijagusa ngozi, mambo mengi lazima yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: meza, daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, seti ya vifaa iliyotakaswa, oksijeni, umeme au jenereta yenye mafuta, damu iliyokwisha kulinganishwa na ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe akiwa hajala. Kikikosekana kimoja, vyote vingine vinakaa kusubiri. Na kila kimoja kina mwenyewe, mwenye bosi wake na zamu yake.

Hospitali yetu ina meza mbili za upasuaji. Kwa miaka mingi tulisema tuna thieta mbili, na wodi zilipanga wagonjwa wa thieta mbili. Lakini mchana wa kawaida mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja. Kwa mgonjwa anayehitaji nusukaputi au sindano ya mgongo, thieta ilikuwa moja tu, hata meza zingekuwa kumi. Kila mmoja wetu alilijua hilo kichwani mwake. Hakuna kikao kilicholisema.

Upangaji wenyewe ulikuwa wa daftari. Daftari kubwa la jalada gumu lilikaa mlangoni pa thieta, na daktari mwenye mgonjwa aliandika jina, ugonjwa na tarehe. Wodi ya wanaume iliandika yake, wodi ya wanawake yake, na wodi ya wazazi haikuandika kitu, maana wagonjwa wake walikuja mbio juu ya machela. Jina likishaingia daftarini, mgonjwa aliambiwa, “Kesho unaingia.” Ahadi ilikuwa imetolewa, na aliyeitoa hakuwa na uwezo juu ya seti, wala usingizi, wala damu. Asubuhi tulikuta majina mengi kuliko siku yenyewe. Mwenye cheo kikubwa alimwingiza mgonjwa wake kwanza. Aliyewahi kuvaa gauni alimshinda aliyechelewa kwenye raundi ya wodini. Waliobaki walirudishwa.

Kurudishwa ni jambo zito kuliko linavyosikika. Mgonjwa wa upasuaji huzuiwa kula ili asitapike akiwa usingizini, matapishi yakaingia mapafuni. Miongozo ya usingizi inataka mtu mzima akae saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji. Lakini kwa kuwa hapakuwa na aliyejua nani ataingia lini, wodi ziliwaambia wote wasile wala kunywa kuanzia saa sita usiku. Aliyerudishwa saa tisa alasiri alikuwa amekaa saa 15 bila tone la maji, katika joto letu hili, kisha akaambiwa ale upesi kwa sababu usiku anafunga tena. Ndugu zake walikuwa wameacha shamba na wamelala barazani. Nauli ya kurudi nyumbani ilikuwa inaliwa kidogo kidogo kwa uji na mkaa. Wako walioondoka kimya kimya na ugonjwa wao, na hao ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu hawakugombana na mtu.

Mzee mmoja wa ngiri alirudishwa hivyo mara kwa mara. Alikuwa mpole, kila aliporudishwa alitushukuru. Siku moja binti yake alinifuata nje ya thieta, akaniamkia, kisha akauliza bila ukali wowote: “Sista, ni nani hasa hapa anayejua kama baba ataingia kesho? Nimwendee huyo huyo.” Nilitaka kumwambia ni daktari, lakini daktari hakujua kama seti ya ngiri ipo. Mtaalamu wa usingizi naye hakujua wodi zimeandika majina mangapi. Mwenye habari za seti hakuwa na habari za majina. Nilimwambia binti yule kweli tupu, kwamba mtu wa namna hiyo hayupo hapa. Alinitazama kwa mshangao, na mimi nikashangaa pamoja naye.

Tangu siku hiyo nikawa ninaandika pembeni kila jina lililorudishwa na sababu yake. Tulikuwa tumezoea kuwaambia ndugu kuwa kumeingia dharura ya mama mjamzito, nikadhani hiyo ndiyo itakayojaa kurasa. Dharura zilikuwepo, ndiyo. Ila sababu iliyojirudia kuliko zote ilikuwa vifaa.

Naomba nieleze hapa, maana hata madaktari wengi hawajawahi kusimama mahali hapo wakaona. Seti iliyotumika saa mbili asubuhi hairudi mezani upesi. Isuguliwe kwa brashi na sabuni, isuuzwe, ikaushwe, ihesabiwe mkasi kwa mkasi, ifungwe kwenye vitambaa, ndipo iingie kwenye mtambo wa mvuke. Ikiwa imefungwa hukaa dakika 30 katika nyuzi joto 121, ukiacha muda wa mtambo kupanda joto, kukausha na kupoa. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya. Mwenye hesabu hiyo yote ni mama mmoja, mhudumu wa chumba cha kutakasia vifaa, anayefika kazini kabla yetu sote. Tulimwita Mama Vifaa. Hakuwahi kuitwa kwenye ripoti ya asubuhi. Hakuna aliyemzuia, ni kwamba hakuna aliyewaza kuwa mpango wa upasuaji unamhusu.

Nilipompelekea karatasi zangu alizisoma taratibu, akazirudisha. “Mwanangu,” akasema, “mngeniuliza jana jioni ningewaambia. Seti za tumbo ziko tatu, na moja mkasi wake haukati. Ninyi mnaandika watu wanne.”

Kwa muda mrefu niliamini kuwa utaratibu huletwa na mkubwa mkali. Niliomba tupate kiongozi ambaye akisema huyu anaingia, basi anaingia. Baada ya maneno ya Mama Vifaa niliona kuwa hata angekuja kiongozi mkali kuliko wote, angeamuru asichokijua. Habari za kesho zilikuwa zimetawanyika kwenye vichwa vya watu sita, na amri haiwezi kuzikusanya. Wanaozikusanya ni hao watu sita wenyewe, wakiwa wamesimama mahali pamoja kabla ya mgonjwa kuambiwa lolote.

Nilimweleza matroni, naye akanichukua mpaka kwa Mganga Mfawidhi. Hakutupa kamati wala posho ya kikao. Alitupa ubao mweupe, na agizo kuwa kila siku ya kazi, saa tisa alasiri, wahusika wasimame mbele ya ubao huo kwa dakika kumi: daktari mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa thieta, muuguzi wa kila wodi yenye mgonjwa, mtu wa maabara, na Mama Vifaa. Nilimwomba jambo moja la ziada, kwamba Mama Vifaa aanze kusema, kabla ya daktari. Alikubali papo hapo. Nadhani kama asingekubali hilo, tungebaki na daftari lile lile lililohamia ukutani.

Kikao chenyewe ni kikavu. Jina linatajwa, na maswali yanafuata: nani anapasua, nani anampa usingizi, seti ipi, damu ipo, mgonjwa amekubali na kutia sahihi? Swali moja likikosa jibu, jina haliandikwi, na mgonjwa haambiwi kuwa kesho anaingia. Anaambiwa tunamsubirishia nini. Halafu tunapanga nani atangulie, na hapa cheo cha daktari hakina kazi. Watoto wadogo wanatangulia kwa kuwa hawavumilii njaa. Mwenye kisukari anatangulia kwa kuwa sukari yake itayumba akikaa bila kula. Mwenye usaha anakuwa wa mwisho, ili chumba kisafishwe baada yake bila mwingine kungoja. Mwanzoni madaktari walifikiri tunawanyang'anya kitu. Kumbe sababu hizo walizijua tangu chuoni. Hapakuwa tu na mahali pa kuzitumia, maana kila mmoja alimjua mgonjwa wake peke yake. Na kwa kuwa sasa mpangilio unajulikana tangu jioni, yule wa nne anaruhusiwa kunywa maji mpaka asubuhi. Hili la maji peke yake, mimi ningeusimamia ubao ule kwa ajili yake hata kama usingeleta kingine.

Daktari mmoja mwandamizi alikataa kuja. Alisema waziwazi kuwa hapangiwi kazi na wauguzi. Hatukubishana naye. Utaratibu ulikuwa kwamba seti haitoki bila jina kuwa ubaoni, na Mama Vifaa aliushika kwa upole ambao hauna pa kuushambulia: “Dokta, ningekupa, ila haikuandikwa, na hii imeshawekwa ya mama wa kitanda cha tano.” Akaanza kuja, kwanza akisimama nyuma. Ni yeye huyo aliyetupa wazo bora kuliko yote tuliyopata. Alitazama majina akasema, “Hawa watatu hawahitaji mtu wa usingizi kabisa.” Ngiri isiyo na matatizo, uvimbe mdogo wa mafuta chini ya ngozi, kidonda cha kushona: vyote hivyo vinaweza kufanyika kwa ganzi ya mahali pale pale. Tangu hapo meza ya pili ikapata kazi yake. Kwa miaka yote tulilia kuwa usingizi hautoshi, na tulikuwa hatujatenganisha wanaouhitaji na wasiouhitaji, kwa sababu hatukuwa tumeyaona majina yote mahali pamoja, tukiwa na mtu mwenye ujuzi kama wake. Nasema haya kwa heshima kubwa kwa daktari yule. Mzee wa ngiri hakuwa wa siku hizo. Alikuwa amekwisha kupasuliwa na kwenda zake.

Kanuni iliyofanya kazi kubwa kuliko nyingine zote ni hii: jina lililoandikwa ubaoni linaweza kufutwa, lakini anayelifuta ndiye anayekwenda wodini kumwambia mgonjwa, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Hapatumwi muuguzi wala mwanafunzi. Ukiwa daktari umepata safari ya ghafla, nenda. Ukiwa mtaalamu wa usingizi umeona presha haifai, nenda. Nami nimekwenda, siku oksijeni ilipokuwa haitoshi. Unasimama mbele ya mtu mwenye midomo mikavu, unamwambia kwa nini, unamwambia lini, na unamletea kikombe cha uji. Watu waliokuwa wepesi wa kufuta majina wakawa wazito. Ni kweli zimebaki siku ambazo kufuta hakuepukiki. Siku hizo ndugu walau wanajua ni nani wa kumdai neno lake.

Sasa dharura. Hapa ndipo hospitali nyingi zinaposhindwa, na sisi bado tunajikwaa. Neno dharura lilikuwa ufunguo wa kila mlango. Mama mwenye kitovu cha mtoto kilichotangulia aliitwa dharura. Na mama wa upasuaji wa kupangwa ambaye uchungu umeanza taratibu naye aliitwa dharura. Mwaka 2000 wataalamu wa usingizi wa Uingereza walichapisha mgawanyo wa madaraja manne ya upasuaji wa uzazi: la kwanza, maisha ya mama au mtoto yako hatarini sasa hivi; la pili, kuna tatizo kwa mama au mtoto lakini si la kufa sasa hivi; la tatu, hakuna tatizo bado, ila mtoto azaliwe mapema; la nne, wakati unaomfaa mama na timu. Tuliyachukua madaraja hayo tukayabandika wodi ya wazazi na mlangoni kwetu. Mkunga akipiga simu siku hizi hasemi “dharura”, anataja daraja. Nikisikia la kwanza, aliye mezani kwa kazi ndogo anafunikwa kitambaa safi na kusubiri, na hakuna anayeuliza swali. Nikisikia la tatu, tunamaliza tuliyenaye kwanza. Ugomvi haukuisha, lakini sasa tunagombania jambo linaloweza kupimwa.

Jambo gumu kulikubali lilikuwa kuacha nafasi tupu. Tulikubaliana kuwa mpango wa kila siku uache saa mbili za mtaalamu wa usingizi na seti moja ya tumbo bila jina. Ndugu wasomaji, katika hospitali yenye foleni, kuacha nafasi tupu kunaonekana kama dhambi. Mimi mwenyewe nilisita. Kilichonisaidia ni habari ya hospitali ya St. John's ya Springfield, Missouri, Marekani, ambayo ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vikiwa vimepangiwa watu mpaka pomoni. Kila dharura ilipoingia, mpango wote ulivurugika, wapasuaji wakafanya kazi mpaka usiku wa manane. Walishauriwa waache chumba kimoja bila kukipangia mtu. Wapasuaji walipinga, kama ambavyo tungepinga sisi. Walipokiacha, upasuaji waliofanya uliongezeka kwa asilimia 5 hivi, na kazi za baada ya saa tisa alasiri zikapungua kwa karibu nusu. Kwetu hesabu ni ile ile kwa udogo wake. Hakuna anayejua ni mama yupi ataletwa kesho, lakini kila mkunga anajua kuwa yupo atakayeletwa. Basi huyo ameshapangwa. Jina lake tu ndilo halijajulikana. Siku asipokuja, nafasi yake tunampa aliye wa kwanza kwenye orodha ya kungoja, na huyo tulikuwa tumemwambia mapema kuwa huenda tukamwita.

Watu huniuliza kama ubao hauwezi kuwekwa kwenye simu. Tulijaribu kundi la WhatsApp, likaleta matata: mmoja anabadilisha saa nne usiku, mwingine amelala, asubuhi kuna mipango miwili na kila mmoja ana ushahidi wake. Sasa kundi linatumika kutuma picha ya ubao tu. Ukitaka kubadilisha, unakuja ubaoni au unampigia muuguzi wa zamu, naye anabadilisha kwa mkono wake.

Niseme pia juu ya ile orodha ya usalama ya upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, kwa sababu wengi huichukulia kuwa karatasi ya kujazwa kwa ajili ya wakaguzi. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapa hapa kwetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kuwa vifo vya wagonjwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hapakuletwa dawa mpya wala mashine ya mamilioni. Ndani ya orodha ile kuna mahali ambapo, kabla ya kukata, kila aliye chumbani anataja jina lake na kazi yake. Zamani nilikisoma kipengele hicho haraka haraka. Baada ya ubao nilikielewa: mtu aliyekwisha kusikika kwa sauti yake mwenyewe asubuhi, mchana ataweza kumwambia mkubwa, “Dokta, subiri, gozi moja ya kufutia damu haijaonekana.” Mama Vifaa aliyeanza kusema mbele ya ubao ndiye yule yule ambaye siku hizi anakataa kutoa seti ambayo alama yake ya joto haikubadilika rangi, hata akipigiwa kelele.

Usiku bado unatusumbua. Saa tisa alasiri tupo wote. Saa tisa usiku yupo mkunga, daktari mmoja na mtaalamu wa usingizi anayeitwa kutoka nyumbani, na ubao hausaidii sana pale. Uhamisho nao unatuvuruga. Akija daktari mpya anauliza daftari liko wapi. Ninamchukua saa tisa, ninamsimamisha karibu na Mama Vifaa, asikilize. Maelezo mengine simpi.

Na kuna damu. Mtu wa maabara anakuja kikaoni na kutuambia chupa zilizopo, nasi tunazihesabu kana kwamba ni zetu. Lakini mvua za masika zikiisha, malaria inapanda, na wodi ya watoto inaleta watoto weupe kama karatasi wanaohitaji damu ile ile usiku huo huo. Nimeona chupa iliyowekwa kwa ajili ya uvimbe wa kizazi wa kesho ikienda kwa mtoto wa miaka miwili, na ilikuwa haki iende. Ila mama wa uvimbe wa kizazi alirudishwa, na wodi ya watoto haikujua kuwa imemrudisha, maana haina mtu mbele ya ubao. Nimemwomba muuguzi kiongozi wa watoto awe anakuja. Anataka, lakini saa tisa ndiyo saa yake ya kugawa dawa, na hana wa kumwachia. Tumependekeza kikao kiwe saa nane na nusu. Mama Vifaa anasema wakati huo mtambo unakuwa katikati na hawezi kuuacha peke yake, labda mzigo wa mchana uanze nusu saa mapema, na hilo linategemea sisi kumaliza mgonjwa wa pili kabla ya saa tano. Jumatatu tunaanza kujaribu.